Chungu Kipya Kisitangulie Mizizi

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwalimu azifundishaye darasani aghalabu huulizwa ni ipi iliyo ya kweli. Mimi jibu nililipata kwenye chungu cha maua.

Mwanafunzi wangu mmoja, alipomaliza kidato cha nne, aliniachia mmea mdogo wenye maua ya urujuani, umeoteshwa mkebeni. Ulikuwa Saintpaulia, ambao asili yake ni milima ya Usambara nchini Tanzania na vilima vya Taita hapa kwetu. Niliuonea huruma kwa kubanwa. Siku iyo hiyo nikauhamishia katika chungu kikubwa mithili ya ndoo, nikaumwagilia maji bila kipimo. Haukupita muda majani yakalegea, shina likaoza.

Huruma yangu ndiyo iliyouua. Udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hukaa na maji, na mizizi ikikosa hewa huoza. Isitoshe, mmea huu huchanua vyema ukibanwa kidogo.

Kabla haujafa kabisa, nilichuma jani moja lililosalia, nikalichomeka mchangani, nalo likatoa mche. Safari hii nilingoja, tena nikapitisha kiasi. Maji yalipenya moja kwa moja hadi chini, udongo ukakauka upesi, majani mapya yakadumaa, na mizizi ikachungulia kwenye matundu ya mkebe. Ishara zote hizo niliziona, nikazipuuza kwa kuogopa kurudia kosa la kwanza.

Hatimaye niliupindua mkebe taratibu, nikautoa mche. Mizizi ilikuwa imejizungusha na kuushika udongo wote. Lau udongo ungalipukutika, ningaliurudisha mche mkebeni mwake. Nikachagua chungu kilichozidi mkebe kwa sentimita 2 tu upana, chenye tundu chini, nikatia udongo mwepesi wenye mboji. Haukukawia kuchanua.

Walimu wenzangu, mara ngapi tumemvusha mtoto darasa kwa kumwonea huruma, au tukamzuia aliyekwisha kuiva kwa hofu yetu wenyewe? Methali zote mbili ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Mwanafunzi akiniuliza sasa wakati huo hujulikanaje, humjibu: pindua mkebe kwanza, uitazame mizizi.