Kufundisha Matokeo ya Vita Kuu ya Kwanza: Nani Alishindwa?

Mkataba wa Versailles ni miongoni mwa mada zinazokaririwa sana na kueleweka kidogo. Mwanafunzi hushika tarehe 28 Juni 1919, siku ulipotiwa sahihi, kisha huisahau mara mtihani upitapo. Kisa ni kwamba hufundishwa kana kwamba ni habari ya Ulaya peke yake. Makala haya yanapendekeza njia ya kuanzia pale mwanafunzi alipo.

Tuchukue darasa la Mbwawa, Kibaha. Mwalimu aanze na Reli ya Kati, ipitayo Soga na Ruvu. Aulize: ni nani walioijenga? Wajerumani, kwa jasho la Waafrika. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1920 ilikuwa mikononi mwa nani? Waingereza. Je, waliinunua? Swali hili litawafikisha wanafunzi wenyewe kwenye vita na mkataba wake.

Hatua ya pili ni ramani. Wanafunzi wachore Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kisha waigawe kwa rangi tatu. Kwa kifungu cha 119 cha mkataba, Ujerumani iliacha makoloni yake yote ya ng'ambo kwa washindi. Ubelgiji, ambayo majeshi yake yalitoka Kongo yakaingia Tabora Septemba 1916, ilipewa Rwanda na Burundi. Ureno ilipewa pembe ndogo ya Kionga, kusini ya mto Ruvuma. Sehemu kubwa iliyobaki ilichukuliwa na Uingereza, ikaitwa Tanganyika mwaka 1920. Fungu la Ubelgiji lilikuwa limekubaliwa Mei 1919 baina ya wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji. Darasa litaje ni Waafrika wangapi waliokuwa katika mazungumzo hayo.

Hatua ya tatu ni kupima neno "dhamana". Washindi hawakusema kwamba wametwaa makoloni. Kifungu cha 22 cha Mapatano ya Shirikisho la Mataifa kilieleza kwamba watu wasioweza bado kujitawala watawekwa chini ya ulezi wa mataifa yaliyoendelea, nayo yatatoa taarifa kila mwaka. Dhamana ya Tanganyika ilithibitishwa Julai 1922. Mwanafunzi aulizwe: mlezi aliteuliwa na nani? Mlelewa aliulizwa?

Hata hivyo mwalimu asiliache darasa liamini kwamba neno hilo lilikuwa maneno matupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1955 Julius Nyerere alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Ahadi ya washindi iligeuzwa kuwa hoja ya kudai uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Hatua ya mwisho ni swali la kichwa cha makala haya. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Aliyeshindwa ni Ujerumani. Lakini makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Aidha, kifungu cha 246 kiliagiza fuvu la Mkwawa likabidhiwe katika miezi sita. Likabidhiwe nani? Serikali ya Uingereza, si Wahehe. Lilirudi Kalenga mwaka 1954.

Mwalimu asitoe jibu mapema. Awape wanafunzi kazi ya kuandika ukurasa mmoja: "Ningekuwa mjumbe wa Tanganyika mwaka 1919, ningedai nini, na kwa hoja gani?" Atakayeandika kwa kutumia vifungu na tarehe alizojifunza atakuwa ameuelewa mkataba. Na atakayeuliza kwa nini mjumbe huyo hakualikwa, huyo ameanza kuielewa historia.