Selimundu inapona? Jibu liko kwenye uloto

Huenda umesikia mtaani, Mbeya au Iringa, kwamba selimundu haiponi. Si kweli tena. Ndani ya mifupa kuna uloto, na humo seli shina hutengeneza damu. Za mgonjwa wa selimundu hutoa chembe nyekundu zinazojipinda kama mundu. Madaktari huuangamiza uloto huo kwa dawa kali, kisha humwekea mgonjwa seli shina za ndugu yake kupitia mshipa; zenyewe huelekea mifupani na kuanza kazi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza tiba hii mwaka 2023. Kikwazo? Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya 25% tu ya kulingana na mgonjwa. Hatari zipo pia, na watoto ndio hufaidika zaidi. Kwa hiyo kliniki usiache, ila ukifika, uliza kuhusu kupima ndugu.