Misuli Haiuzwi Dukani

Mwezi huu tuongee jambo ambalo naulizwa kila siku uwanjani. Vijana wanasema, "Mwalimu, nifanye nini nipate kifua?" Mama zetu nao wanauliza, "Mwalimu, hili tumbo nitalitoaje?"

Jibu nililipata Mengo, kule Kampala. Nilimsindikiza shangazi yangu hospitali ya Mengo, ile iliyoanzishwa na daktari Mwingereza Albert Cook mwaka 1897. Shangazi ana presha. Daktari alimwambia wazi: dawa ameze, lakini na kilo zipungue. Kwanza shangazi alikasirika. Si mnajua kwetu mnene ndiye aliyeshiba, na ukikonda majirani wananong'ona kwamba unaumwa? Mwishowe alikubali.

Basi kila asubuhi tulitembea barabara ya Kabaka Njagala, inayonyooka kutoka jumba la Kabaka mpaka Bulange, kwenye bunge la Buganda. Ni karibu maili moja. Katikati kuna mzunguko wa magari wenye kigeti ambacho Kabaka peke yake hupita. Sisi wengine tunazunguka. Siku ya kwanza shangazi alipumzika mara nne. Wiki ya tatu tulikwenda na kurudi bila kukaa.

Jioni binamu yangu alinipeleka Katwe, jirani na Mengo, kwenye mafundi wa vyuma. Vijana wa huko wana jimu uani: ekseli ya gari, gia kuukuu pande mbili, na makopo yaliyojazwa saruji. Mimi nikakimbilia chuma kizito. Kaka anayewafundisha akaninyang'anya, akanipeleka ukutani kupiga pushapu nimesimama, kama mtoto. Niliona haya! Akaniambia, "Anayeanza huumizwa na haraka yake."

Tuanzeje hapa kambini?

Vyuma hatuna, lakini jerikani tunazo. Ya lita 5 ikijaa maji ina kilo 5. Fanya hivi siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa:
- chuchumaa na kuinuka mara 8;
- pushapu za ukutani mara 8;
- inua jerikani ya lita 5, mara 8 kila mkono.

Pumzika dakika mbili, kisha rudia mpaka mizunguko itimie mitatu. Ikiwa rahisi, ongeza mpaka mara 12. Halafu toka ukutani uende kwenye benchi, na mwisho chini. Siku za katikati tembea tu, na usiku ulale vizuri, maana mwili hujenga misuli ukiwa umepumzika.

Chakula je?

Maharagi ndiyo nyama yetu. Tafadhali, tusiuze maharagi yote ya mgao ili tununue sukari. Ndagala, karanga na yai likipatikana, vyote vinajenga misuli. Anayetaka kupungua asijinyime kula. Apunguze sukari ya chai, mandazi na mafuta, apunguze posho kidogo, aongeze sombe na mboga. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa.

Lakini nyumba inayokula mara moja kwa siku, kijana asijichoshe na mazoezi makali. Chakula kwanza. Na yeyote anayekonda bila sababu, au anayekohoa wiki mbili, huyo aende zahanati. Wenye presha, wenye sukari na mama wajawazito nao waulize muuguzi kabla ya kuanza.

Jihadharini na vidonge

Sasa jambo lililonifanya niandike. Rafiki yangu hapa kambini alichoka kuitwa mwembamba. Akanunua vidonge vya kunenepa, visivyo na karatasi ya daktari. Kwa mwezi mmoja mashavu yalijaa, tukamsifu. Kumbe ulikuwa uvimbe. Alipoacha ghafla aliishiwa nguvu, akaanguka njiani, tukambeba mpaka zahanati.

Vidonge vinavyouzwa hivyo mara nyingi ni deksamethasoni au siproheptadini. Deksamethasoni ni dawa ya kweli ya hospitali, lakini ukiimeza ovyo inajaza maji mwilini, inapandisha presha na sukari, inadhoofisha mifupa, na misuli yenyewe inaikonda. Siproheptadini inaleta njaa na usingizi mwingi; haijengi misuli. Kama tayari unavimeza, usione aibu na usiache ghafla. Nenda zahanati na pakiti mkononi, wakuonyeshe namna ya kupunguza polepole.

Wazazi, kijana wako akianza kunenepa uso tu, muulize kwa upole. Na sisi vijana tuache kuchekana miili. Rafiki yangu alikwenda kununua vile vidonge kwa sababu ya maneno yetu, na yangu yakiwemo.

Sasa amepona. Kila Jumatatu saa kumi na moja jioni yuko nami nyuma ya darasa, na jerikani yake. Karibuni, njooni na zenu.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.