Shavu Likiuma, Kitazame Kitako

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi wa trapu, yaani mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa hewani kwa bunduki, hurudi nyumbani shavu limevimba. Wenzake humwambia akaze moyo, atazoea. Ushauri huo ni mbaya, na wengi wameuacha mchezo kwa sababu yake.

Katika trapu ya Olimpiki, mtambo hufichwa handakini, mita 15 mbele ya mpigaji. Akiita tu, kisahani chenye upana wa sentimita 11 huchomoka na kwenda mbali, naye hajui kitashika upande gani. Silaha yake ni bunduki ya marisau, ile tuiitayo shotigani. Bunduki hii haina kilengeo cha nyuma kama bunduki ya askari. Kilengeo chake cha nyuma ni jicho la mpigaji mwenyewe, na kinacholishikilia jicho mahali pake ni shavu lililoegemea kitako.

Tupige hesabu kidogo. Kutoka jichoni hadi mdomo wa mtutu ni kama mita 1. Jicho likipanda milimita 3 tu, basi kwa shabaha iliyo mita 35 mbele marisau yatapita kama sentimita 10 juu zaidi. Huo ni karibu upana wote wa kisahani! Sasa, mtu aliyekwisha kuumia huinua kichwa bila kujijua kabla ya kufyatua. Kwa hiyo bunduki inayoumiza ndiyo pia inayokosa.

Shavu huumizwa na nini? Mara nyingi ukingo wa juu wa kitako huwa chini mno. Shavu halipati pa kuegemea, na bunduki inaporudi nyuma hulipiga kama ngumi. Pengine ukingo huo una mteremko mkali kuelekea begani. Bunduki ikirudi, sehemu iliyo juu husukumwa chini ya shavu na kulikwangua. Aidha, kitako kikiwa kifupi, kidole gumba hugonga pua. Kikiwa kirefu, hukwama kwenye nguo za kwapani na shingo hunyooshwa kama ya twiga.

Kipimo ni rahisi. Hakikisha bunduki haina risasi, na uielekeze mahali salama. Fumba macho, iweke begani, laza shavu, kisha fumbua. Jicho linapaswa kutazama sawasawa juu ya mtutu hadi kwenye ncha yake. Ukiona chuma cha nyuma tu, kitako kiko chini mno. Kati ya pua na kidole gumba ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Dawa nayo si lazima iwe ghali. Anza kwa kubandika vipande vyembamba vya ngozi au sponji juu ya kitako, kimoja kimoja, huku ukijaribu. Tumia pia risasi nyepesi; hata Olimpiki marisau hayazidi gramu 24. Usikimbilie msumeno, kwani ubao ukishakatwa haurudi. Huko London, mafundi hodari wana bunduki maalumu ya kupimia, ambayo kitako chake hurefushwa, hufupishwa na kupindwa hadi kimkae mteja, kama fundi cherehani na utepe wake.

Jambo hili huwagusa zaidi wanawake na vijana, kwani bunduki nyingi za dukani zimechongwa kwa kipimo cha mwanamume mtu mzima. Akishindwa, binti huambiwa hana nguvu. Lakini katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Jessica Rossi wa Italia, akiwa na miaka 20, alivunja visahani 99 kati ya 100 na kutwaa dhahabu.

Basi, ndugu mwalimu, kabla ya kumwambia mwanafunzi akaze moyo, tazama kwanza shavu lake limelala wapi.