Kungfu Kibera: Je, Mtoto wa Kiislamu Ainame?

Aliyekulia Mombasa zama za sinema za Naaz, Regal na Majestic hana haja ya kuelezwa kungfu ni nini. Sisi tuliokuwa watoto wa chuo mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tukitoka kwa maalimu na juzuu zetu vifuani, na kabla hatujafika majumbani tumekwisha kurushiana mateke njia nzima, kila mmoja akijiita Bruce Lee, ilhali mwenyewe alikwisha kufa tangu Julai 1973. Maalimu alipopata habari, bakora zilizotungoja asubuhi yake hazikuwa za mchezo wa Kichina.

Hayo yalinirudia mawazoni Jumamosi moja nilipokwenda Kibera, Nairobi, kumjulia hali jamaa yangu akaaye Makina. Makina ndiko kwenye Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliowekwa na Waingereza katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Na neno lenyewe Kibra, kwa lugha yao, ni msitu. Msitu haupo tena. Lililopo ni bahari ya mabati, misikiti na makanisa, na reli ipitayo katikati. Nyuma ya nyumba moja palikuwa na kiwanja kidogo, na hapo watoto wapatao thelathini, wavulana kwa wasichana, wamejipanga safu zilizonyooka wakipiga ngumi hewani kwa hesabu ya Kichina: yi, er, san, si.

Mwalimu wao humwita shifu, ndivyo Wachina wamwitavyo fundi mwenye wanafunzi. Lakini yeye si Mchina. Ni kijana wa Kawangware, ng'ambo ya pili ya barabara ya Ngong. Asubuhi hufunza Kibera, jioni hurudi kwao kufunza watu wazima. Aliniambia alianza kwa kanda za video, "na kwenye kanda nilijifunza kuteguka mkono tu, mzee," kisha akapata kusoma kwa Wachina wenyewe waliokuja Nairobi. Mlango huo ulizidi kufunguka Desemba 2005, ilipoanzishwa Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza katika Afrika nzima.

Ningeondoka hapo, kama si mtoto mmoja wa miaka kumi hivi aliyekaa ukutani peke yake. Macho yake yalikuwa kwa wenziwe, na miguu yake ikijiendea yenyewe mchangani. Babake alisimama kando, amevaa kanzu. Nilimpa salamu, nikamwuliza mbona mtoto hachezi.

"Sheikh, mimi sikatai mazoezi," akanijibu. "Mtoto akiwa na shughuli Jumamosi, hana nafasi ya kwenda kukaa na wavuta gundi. Lakini nimeona katika picha zao watu wanainamia masanamu. Mwanangu hamwinamii mtu."

Sikuwa na haraka ya kumjibu, maana hofu yake si ya kipumbavu. Hekalu la Shaolin, katika mkoa wa Henan, lilijengwa mwaka 495 na ni la Wabudha. Wanafunzi wa kigeni, Waafrika wakiwamo, huenda huko kusoma mchezo huu, na aingiaye ndani ya hekalu atakuta ubani na sanamu. Asemaye hakuna amdanganya mzazi.

Lakini kungfu haikuzaliwa yote ndani ya hekalu moja. Uchina ina Waislamu wa kabila la Hui zaidi ya milioni 10, na wana mitindo yao ya kupigana waliyorithishana. Mtindo uitwao chaquan unajulikana kuwa ni wao. Mwingine, bajiquan, kitovu chake ni Mengcun, wilaya ya Wahui katika mkoa wa Hebei. Karibu na huko, Cangzhou, ndiko alikozaliwa Wang Ziping mwaka 1881: Mwislamu, bingwa wa chaquan, na mganga wa kuunga mifupa. Mwaka 1928, serikali ilipofungua chuo cha taifa cha michezo hiyo huko Nanjing, aliyepewa kuisimamia idara ya Shaolin ni huyu Mwislamu. Mwaka 1960, umri unakaribia miaka themanini, alikwenda Burma pamoja na Waziri Mkuu Zhou Enlai kuonyesha ufundi wake. Alifariki 1973, mwaka ule ule wa Bruce Lee. Na sisi watoto wa chuo, jina lake hatukulisikia hata siku moja.

Ama salamu ya mchezo, nilimwomba shifu anionyeshe. Alisimama wima, ngumi ya kulia akaigotanisha na kitanga cha kushoto mbele ya kifua, macho yakimtazama mwenziwe. Basi. Mgongo haukupinda. Wale wainamao tuliowaona sinemani, wengi ni watu wa kareti ya Kijapani, nasi tulichanganya vyote katika chungu kimoja.

Hapa nina neno na watu wangu wa pwani. Nasi tuna kirumbizi, fimbo kwa fimbo, ngoma na zumari, na Lamu hadi leo huchezwa siku za maulidi na harusi. Nani ameketi akaipangia masomo, la kwanza na la pili, hata mtoto wa Mombasa akajifunza kwa hesabu?

Jioni nilimfuata shifu hadi Kawangware. Darasa la huko si la mateke. Walikuwa akina mama wapatao kumi, wengi wao wafuaji nguo wa majumbani, migongo imewachoka. Wakafanya baduanjin, mazoezi manane ya polepole ya namna ya chigong: mikono yapanda na pumzi, yashuka na pumzi. Nilitazama nikakumbuka tajwidi. Aliyesoma kwa maalimu anajua kuwa pumzi ni elimu, ina mahali pa kuvutwa na mahali pa kusimama, na anayeikata ovyo huharibu maana. Mama mmoja alisema mgongo wake umepata nafuu. Namsadiki. Lakini wako pia, huko Uchina na kwingineko, waliodai kumwangusha mtu kwa pumzi bila kumgusa, au kuponya kila maradhi, na hao ni wauza maneno. Shifu wangu hakudai hivyo. Mwenye presha alimwambia aende kliniki kwanza.

Jumamosi ya pili nilirudi Makina nikamhadithia yule baba habari za Wang Ziping na za ile salamu. Alisikiliza hadi mwisho, akamtazama mwanawe, kisha akamgeukia mwalimu, ambaye ni Mkristo.

"Na Adhuhuri je? Darasa lako huisha saa saba."

Shifu alitazama saa yake. Akasema tangu leo wataanza mapema, na saa sita kamili watoto watakuwa wamekwisha kutawanyika. Yule mtoto alikuwa amekwisha kuvua kandambili.