Vyeti, Miaka na Mikono ya Wauguzi

Yamekuwapo mabishano ya muda mrefu, katika Wilaya za Mbulu na Hanang kama kwingineko nchini, juu ya nani astahiliye kuajiriwa kwanza: muuguzi mwenye shahada aliyetoka chuoni jana, au mwenye cheti aliyekaa miaka kumi katika zahanati ya kijiji. Kila upande una wapambe wake. Sisi tunaona kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya, na ushahidi hatuna haja ya kuufuata ng'ambo. Umo humu humu Mbulu.

Mwezi Aprili 2010, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wahudumu wa uzazi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumwokoa mtoto mchanga asiyepumua, wakijifunza kwa mwanasesere. Walipopimwa miezi saba baadaye mbele ya mwanasesere yule yule, walionekana wameiva. Lakini katika chumba cha kujifungulia utendaji wao haukubadilika. Tulitafakari jambo hilo, ndugu wasomaji: mtihani umefaulu, kitandani hali ni ile ile. Mwaka uliofuata yakaanzishwa mazoezi ya dakika chache tu, humo humo wodini, kila wiki. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Watu wale walikwisha kusoma, na kazi ile waliifanya kila siku. Kilichopungua ni mkono uliozoezwa.

Hatusemi kwamba shahada haina thamani, na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga si jambo la kujadiliwa hata kidogo. Wala hatumsifu mtu kwa wingi wa miaka yake. Yuko awezaye kurudia kosa moja kwa miaka 20 na kuliita uzoefu. Lakini mama wa Kibarabaig afikaye zahanati usiku na uchungu umemshika, au Mhadzabe wa Yaeda Chini, humhitaji mtu atakayemwelewa anapoeleza maumivu yake. Lugha hiyo muuguzi huipata kwa kuishi na watu, na katika usaili wa kuandika haina alama.

Wapo wauguzi wenye leseni ambao wamejitolea muda mrefu bila ajira. Tunataka miaka yao ihesabiwe kwa alama, kama ihesabiwavyo shahada ya mwenzao. Kisha wote wawili wasimamishwe mbele ya mwanasesere, waonyeshe namna ya kumpulizia mtoto hewa kabla dakika moja haijaisha. Atakayeajiriwa, awe na shahada au cheti, aingie katika mazoezi ya kila wiki. Halmashauri zetu zaweza kuanza na nafasi za mkataba ambazo huzijaza zenyewe.