Uingereza: Amefilisika, mshahara wake umepanda, lakini pesa haifiki Bukavu

Simu inatoka London kwenda Bukavu na inaleta habari mbili ambazo haziendi pamoja. Ya kwanza, mtoto amefilisika: madeni yamemshinda na jina lake limeandikwa katika orodha ya serikali. Ya pili, mshahara wake wa mwezi huu umepanda. Mama anayesikiliza upande huu anashika ile ya pili. Kama mshahara umepanda, mbona Western Union haijaleta kitu?

Si lazima mtoto awe anadanganya. Katika Uingereza na Wales (Scotland ina sheria yake) mfanyakazi aliyefilisika anaweza kweli kuona pesa nyingi zaidi kwenye karatasi yake ya mshahara kwa miezi kadhaa, na wakati huohuo asiwe na ruhusa ya kuitumia pesa hiyo. Wakongo wengi wanaofanya kazi London, Manchester au Birmingham wanategemewa na watu wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia. Kwa familia hizo, ni vizuri kujua jambo hili linatembea namna gani kabla ya kuanza kugombana kwenye WhatsApp.

Mtu anafikaje huko? Kuna njia mbili. Anayedaiwa anaweza kuomba mwenyewe, kwa intaneti, na ombi lake linaamuliwa na afisa wa serikali bila kupita mahakamani. Ada ni pauni 680, zaidi ya dola 800. Ndiyo, mtu asiye na pesa analipa pesa ili akubaliwe kwamba hana pesa. Anaweza kuilipa kidogo kidogo, lakini ombi haliwezi kutumwa mpaka ada iishe yote. Njia ya pili ni ya anayedai: akiwa anadai pauni 5.000 au zaidi, anaweza kwenda mahakamani na kuomba mdaiwa atangazwe kuwa amefilisika.

Amri ikitoka, mali ya mtu huyo inaingia mikononi mwa msimamizi rasmi wa serikali. Mara nyingi kifungo hicho kinadumu miezi 12, kisha mtu anafunguliwa na madeni mengi yanafutwa. Si yote: faini za mahakama, pesa ya kulea watoto na mkopo wa serikali wa masomo vinabaki pale pale.

Sasa tuje kwenye mshahara. Uingereza, kama kwetu, kodi ya mfanyakazi inakatwa na mwajiri kabla pesa haijafika mkononi. Mwajiri hajipangii kiasi cha kukata. Anafuata alama fupi ambayo idara ya kodi, HMRC, inamtumia kwa kila mfanyakazi. Alama ya kawaida ni 1257L, na maana yake ni kwamba pauni 12.570 za kwanza za mwaka hazikatwi kodi. Zinazofuata zinakatwa asilimia 20, mpaka mtu afikie mapato makubwa zaidi ambayo yana kiwango chake.

HMRC ikipata habari kwamba mfanyakazi amefilisika, inabadilisha alama na kuweka herufi mbili, NT. Zinamwambia mwajiri asikate kodi ya mapato hata kidogo mpaka mwisho wa mwaka wa kodi, na mwaka wa kodi wa Uingereza unaisha tarehe 5 Aprili. Mwajiri hapewi sababu. Karani wa mishahara mwenye uzoefu anaweza kukisia, lakini karatasi aliyotumiwa haisemi neno kufilisika.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayetunza wazee, mwenye mshahara wa pauni 2.200 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa alama ya kawaida, kodi yake ni pauni 230 na nusu hivi. Mchango wa bima ya taifa, ambao ni asilimia 8 ya kile kinachozidi karibu pauni 1.048, unachukua pauni 92 nyingine. Mkononi zinafika kama 1.877. Alama ya NT ikianza kufanya kazi, kodi inakuwa sifuri. Bima ya taifa inaendelea kukatwa kama kawaida, kwa sababu NT haiigusi. Mkononi zinafika kama 2.108. Tofauti ni pauni 230 kila mwezi, karibu dola 300. Ni pesa ambayo Bukavu inalipa kodi ya nyumba na minerval ya watoto, na mtu aliyeteswa na madeni miaka miwili anaweza kuiona kama mkono wa Mungu.

Hapo ndipo watu wengi wanajikwaa. Kodi ya mwaka ule haikusamehewa. Imeingizwa katika kapu la madeni ya aliyefilisika, na HMRC inapanga mstari pamoja na benki na wadai wengine kungoja kile kitakachopatikana. Kwa kuwa kodi imekuwa deni ndani ya kapu, haiwezi kuendelea kukatwa kwenye mshahara. Lakini sheria haikutaka nafuu hiyo iende kwa mdaiwa. Msimamizi anaitazama kama pesa iliyozidi na anaiomba, na anachokusanya kinaingia kapuni kwa ajili ya wadai wote.

Anaiomba kwa makubaliano ya kulipa kutoka mapato. Aliyefilisika anajaza karatasi ndefu: mshahara, nyumba, umeme, chakula, nauli, nguo, simu. Kinachobaki baada ya matumizi ya lazima kinaitwa ziada. Ziada ikiwa kuanzia pauni 20 kwa mwezi, msimamizi anaweza kutaka ilipwe, na asipokubali anaweza kupelekwa mahakamani ili jaji aamuru. Malipo hayo yanaweza kuendelea mpaka miaka 3, hata kama mtu amekwisha kufunguliwa baada ya miezi 12. Asiye na ziada yoyote ya kawaida anaweza kuombwa ile pesa ya NT peke yake, kwa miezi iliyobaki kabla ya Aprili.

Kama amri ilitoka Oktoba na NT ikafanya kazi miezi mitano, mfanyakazi wa mfano wetu amepitisha mkononi zaidi ya pauni 1.150 ambazo hazikuwa zake. Barua ya msimamizi inaweza kufika baada ya wiki kadhaa. Aliyekwisha kuzila, au kuzituma Kongo kwa furaha, anaulizwa zilikwenda wapi.

Kisha kuna neno familia, na hapa sheria ya Waingereza na desturi ya Kivu zinaachana kabisa. Sheria ya ufilisi ya mwaka 1986 inakataza kumwachia mtu kidogo kuliko kinachohitajika kwa mahitaji ya kawaida yake na ya familia yake. Maneno mazuri. Lakini sheria hiyohiyo inaeleza familia ni nani: ni watu wanaoishi pamoja naye na wanaomtegemea. Yote mawili kwa pamoja. Mke aliye naye chumbani London na watoto wanaosoma huko wanahesabiwa. Mama mzee wa Kadutu, mdogo anayesoma chuo kikuu Goma, watoto wa marehemu kaka waliobaki Uvira hawahesabiwi, hata kama wanaishi kwa pesa yake miaka kumi sasa.

Anaweza kuandika kwenye karatasi ya matumizi kwamba kila mwezi anatuma pauni 150 nyumbani. Msimamizi halazimishwi kuikubali, maana si hitaji la watu wa nyumba yake. Kwa hiyo pesa inayofika Bukavu katika miaka hiyo inatoka kwenye chakula na nauli yake mwenyewe: kile alichopangiwa kula, akakibana, akakituma. Ndugu wanaosema amebadilika tangu afilisike wangefanya vizuri kujua hilo.

Msimamizi anatazama nyuma pia. Zawadi au pesa aliyoitoa bila kupata kitu sawa katika miaka 5 kabla ya kufilisika inaweza kuchunguzwa, na msimamizi ana haki ya kuomba mahakama irudishe mali hiyo. Kulipa deni la ndugu kwanza na kuwaacha wengine nako kunatazamwa: kwa ndugu wa karibu, uchunguzi unarudi nyuma miaka 2. Hebu fikiria mjomba aliyemkopesha kijana nauli ya ndege. Kijana anaona madeni ya benki yanamzidi, anasema heri nimalize ya mjomba kwanza, kwa heshima. Kwetu huyo ni mtoto mwenye adabu. Mbele ya sheria ile amependelea mdai mmoja.

Na shamba? Sheria inasema mali ya aliyefilisika ni mali yake popote ilipo. Kiwanja alichonunua Goma, kile watu wanachoita parcelle, kikiwa kwa jina lake ni lazima kitajwe. Vilevile nyumba ya Bukavu aliyoijenga kwa miaka kidogo kidogo, au pesa iliyo katika likelemba ambayo zamu yake haijafika. Kuficha mali ni kosa la jinai. Kukihamisha kiwanja kwa jina la dada wiki moja kabla ya kuomba ni kujitafutia mashaka, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza ambacho uchunguzi wa miaka 5 unatafuta.

Kosa lingine ambalo watu wanalifanya bila kujua ni kukopa upya. Kabla hajafunguliwa, aliyefilisika haruhusiwi kukopa pauni 500 au zaidi bila kumwambia anayemkopesha hali yake. Sheria inamtaka aseme, hata pale ambapo haya inamzuia.

Yote hayo hayamaanishi kwamba njia hii ni mbaya. Kwa Kongo, mfanyakazi hana mlango kama huo. Sheria za OHADA, zilizoanza kutumika nchini Septemba 2012, zina taratibu za kufilisika kwa kampuni na wafanyabiashara, lakini mwalimu au muuguzi aliyezama katika madeni hana afisa wa kumwendea ili madeni yake yapewe tarehe ya mwisho. Mdai anaweza kupitia mahakama na kukamata sehemu ya mshahara wake, na kodi ya mshahara inaendelea kukatwa kama kawaida. Wengi hawafiki hata huko. Wanakwenda kwa banque Lambert, mkopeshaji wa mtaani anayebaki na kadi ya benki ya mkopaji, na riba ya mwezi mmoja inazaa mkopo wa mwezi unaofuata. Mwenye deni kama hilo akisikia kwamba kuna mahali madeni yanafutwa baada ya miezi 12, ataona kuwa pauni 230 za NT ni bei ndogo.

Uingereza kwenyewe kuna mlango mwepesi zaidi kwa maskini kabisa: amri ya nafuu ya madeni. Tangu Juni 2024 inapokea wenye madeni yasiyozidi pauni 50.000, wenye mali ndogo, na wanaobaki na pauni 75 au chini ya hapo kwa mwezi baada ya matumizi. Ada yake iliondolewa Aprili 2024. Anayeanza kuzama afadhali aulize kuhusu hiyo kabla ya kutafuta pauni 680.

Kwa aliyekwisha kupewa NT, ushauri unaotolewa na wanaosaidia wenye madeni ni rahisi: siku mshahara wa kwanza uliopanda unapoingia, ile tofauti iwekwe pembeni isiguswe mpaka msimamizi aandike. Na nyumbani waambiwe mapema, kwa hesabu na si kwa mafumbo, kwa sababu tarehe 6 Aprili alama ya kawaida inarudi, kodi inaanza kukatwa tena, na mshahara uliopanda unashuka. Mama wa Bukavu atapigiwa simu ya pili.